Vigelegele vya Kambi ya Juu Vimeshapigwa Misumari

Mheshimiwa Chifu, ambaye ametuma salamu kwamba angekuja kama angeweza kuja. Bwana Maneja wa esteti, ambaye hayupo, lakini gari lake lilipita hapa asubuhi likapunguza mwendo, na mimi hilo nalihesabu kuwa ni kuhudhuria. Memsahib wa Bwana Maneja na mbwa wake wote. Karani wa mizani. Wanyapara wenzangu mlio kazini, na mimi mwenyewe niliyestaafu kwa heshima. Wazee wa kanisa wa pande zote mbili, wale wa Jumamosi na wale wa Jumapili. Bwana Irungu mwenye duka, uliyetoka kwenu Nyeri na gramafoni kichwani. Johana mwenye ng'ombe. Akina mama wachumaji. Akina baba wa kupogoa. Watoto mlio juu ya magunia, shukeni. Na wewe mke wangu Bilhah, mama Joram, uliyekaa hapo mbele na kunyamaza vizuri sana: hamjambo wote!

(Makofi. Vigelegele hakuna.)

Asanteni. Mimi ndiye Mzee Nyamwange, mnyapara mkuu wa zamani wa dipatimenti ya kufunga masanduku katika kiwanda chetu cha chai, mtu aliyepiga msumari wa mwisho kwenye kila sanduku lililoshuka kilima hiki kwenda kunywewa na wakubwa wa Ulaya, na hakuna hata sanduku moja lililorudi kulalamika. Leo nimesimama kwenye banda hili la mizani si kama mimi, bali kama Mwenyekiti wa Komiti Spesheli ya Kuchanganya na Kueksipoti Sauti ya Kuzunguka kwa Ajili ya Sinema, komiti ambayo mwenyekiti wake ni mimi, mwandishi wake ni mimi kwa mdomo, na wanachama wake watachaguliwa divelopmenti ikishafika. Mimi sikusoma mpaka mbali, nilisoma mpaka karibu, lakini waliosoma mpaka mbali wako wapi leo? Hawapo. Nani amesimama? Mimi.

(Makofi. Mtu mmoja anasema, "Kweli, amesimama.")

Kabla sijaingia ndani ya ripoti, naona Mama Mokeira ameinua mkono. Huyu, kwa wale wageni, ni Nyanchama, mchumaji wa mstari wa juu, ambaye binti yake Mokeira anaolewa Jumapili hii na kijana wa viazi kutoka Londiani. Sema, mama, lakini kwa ufupi, kwa sababu hotuba yangu ni ndefu.

(Nyanchama: "Mwenyekiti, mimi nataka vigelegele vyetu virudi kabla ya Jumapili. Mengine uendelee nayo tu.")

Hoja imepokelewa. Itajibiwa katika sehemu yake, prosedia haiwezi kuanza kwa miguu. Tuendelee.

Mnakumbuka wakati wa mvua ndefu lilikuja gari la sinema, likafunga shuka nyeupe kwenye ukuta wa stoo ya mbolea, tukaonyeshwa mtu akipiga mswaki, halafu tukaonyeshwa ng'ombe wa Ulaya mwenye kiwele kama gunia. Wengi wenu mliangalia kiwele. Mimi niliangalia kasoro. Nikaona, peke yangu katika watu wote wa kambi hii, kwamba ng'ombe amesimama upande wa kulia wa shuka lakini analia upande wa kushoto, kwa sababu sauti yote ilitoka kwenye pembe moja ya bati, ile ya kutolea sauti, iliyotundikwa kushoto, na ndugu yetu Johana, ambaye ni mtaalamu wa ng'ombe, aliinuka akaenda kumtafuta huyo wa kushoto mpaka akaanguka kwenye mtaro.

(Kicheko. Johana: "Alilia kama mwenye ndama! Ningefanya nini?")

Ulifanya vizuri, Johana, kosa lilikuwa la sinema. Basi mimi nikamwendea yule bwana wa gari, tukaongea kwa kirefu mambo ya tekiniko, yeye na mimi, kama watu wawili wa kazi moja, na nikapata kujua kwamba huko kwao sasa kuna sinema mpya ambayo pembe zake zimezunguka nyumba nzima, mbele, nyuma, kulia na kushoto, mvua inakunyeshea kisogoni, farasi anatoka nyuma yako mpaka unainamisha kichwa, na kwamba sauti hizo huchanganywa kwanza na mafundi, kila moja ikapewa upande wake. Nikasikia neno hilo "kuchanganywa" nikacheka ndani ya koti. Kuchanganya? Sisi? Watu wa chai? Sisi tunaochanganya jani la bonde na jani la kilima mpaka mzungu mwenyewe hawezi kuyatenganisha? Nikawaambia ninyi, siku ile ile, hapa hapa: sinema ya chai yetu inapigwa, na sauti yake ya kuzunguka itatoka Kambi ya Juu!

(Makofi mengi. Akina mama wanafungua midomo, wanakumbuka, wanaifunga.)

Nawapongeza akina mama kwa nidhamu hiyo. Sasa ripoti.

Kazi ya sauti, kama nilivyoivumbua, haina tofauti na kazi ya majani. Kwanza ni kuchuma. Tulipita nyumba kwa nyumba na masanduku ya kiwanda, yale yenye karatasi ya bati ndani ili harufu isitoke, na kila mtu akaingiza kichwa akatoa sauti yake bora, changa, siyo ile kongwe ya asubuhi kabla ya uji. Johana akatoa mluzi wake wa kuita ng'ombe. Kwaya ikatoa wimbo mzima na aya ya mwisho mara mbili. Akina mama, wakiongozwa na Mama Mokeira mwenyewe, wakatoa vigelegele, na lazima niseme sanduku lile lilitetemeka, mimi nilikuwa nimelikalia. Lakini sauti ya kwanza kabisa kufungwa, kama mfano wa uongozi, ilitoka katika nyumba yangu: nilimwomba mke wangu Bilhah aingize kichwa sandukuni na kutoa yale anayoniambia kila jioni nikirudi nyumbani, nayo yalijaa mpaka tukaongeza sanduku la pili.

(Kicheko kirefu. Bilhah anamwangalia mwenyekiti. Hasemi kitu.)

Mnaona? Nidhamu. Pili ni kunyausha: masanduku yakalala stoo usiku mzima ili sauti ipungue maji. Tatu ni kusokota, na hapa ndipo kuchanganya kwenyewe kulipo, kwa sababu tulilaza masanduku mdomo kwa mdomo chini ya blanketi, sauti zikahamia zinapotaka, kisha tukafunga, tukayasukuma kutoka mlango wa kiwanda mpaka kule mtoni, yakibiringika, kwa hiyo mluzi ukaingia kwenye wimbo, wimbo ukaingia kwenye vigelegele, na maneno ya Bilhah yakaingia kila mahali. Nne ni kuchekecha kwa gredi. Asilimia tisini ya sauti ilitoka gredi ya kwanza, na ile asilimia ishirini iliyobaki ilikuwa bora zaidi. Mwisho nikapiga misumari kwa mkono wangu na kuandika kwa rangi nyeupe: KULIA, KUSHOTO, MBELE, NYUMA, na chini yake, ULAYA.

(Irungu: "Mzee, mimi niliweka sikio langu kwenye hilo la KULIA. Sikusikia hata chafya.")

Asante sana, Bwana Irungu, umenisaidia! Ndugu wananchi, mwenye duka ametoa ushahidi. Sanduku la chai likivuja, unanusa chai. Sanduku la sauti likivuja, unasikia sauti. Yeye hakusikia kitu, maana yake nini? Maana yake limefungwa na Nyamwange!

(Makofi. Irungu anakuna kichwa.)

Na wewe Irungu usishangae mambo ya sauti kukaa sandukuni, wewe ambaye una gramafoni dukani yenye mtu ndani anayeimba kila siku na hajawahi kuomba chakula.

Sasa nafika kwenye lile jambo la amri yangu, ambalo naambiwa lina manung'uniko ya chini kwa chini. Amri ni moja: sauti iliyofungwa haitumiki tena hapa kambini mpaka jibu lirudi kutoka Ulaya. Baadhi yenu mnasema Mwenyekiti ni mkali. Mimi nauliza: wewe mchumaji, jani likishapita kwenye mizani hii hapa, ni lako?

(Watu, polepole: "Si letu.")

Unaweza kulichukua ukaenda kulichemsha kwako?

("Tutafukuzwa.")

Unaweza hata kulirudisha mtini?

("Hapana.")

Basi! Mmejijibu wenyewe. Sauti imepita mizani. Kwa sababu hiyo Johana hapigi mluzi, anawafuata ng'ombe kwa miguu, mmoja mmoja, na jambo hilo limemnyoosha mgongo. Kwaya inasimama kanisani na kufungua vitabu na kutulia, na mhubiri amepata nafasi kubwa ya kuhubiri. Na nyumbani kwangu mimi nakula ugali wangu kwa amani tangu mvua ndefu mpaka leo, nimenenepa, mnaniona. Haya ni matunda ya programu!

(Makofi ya wanaume. Akina mama hawapigi.)

(Nyanchama anasimama tena: "Mwenyekiti, naomba useme na mimi kama mtu. Wale wazee wa Londiani walipokuja kuongea mambo ya mtoto, tuliwapokea kimya, kwa sababu ya hilo sanduku lako. Waliketi, wakaangalia huku na huku, halafu mkubwa wao akaniuliza, 'Mama, nani amekufa hapa?' Nikamwambia hakuna. Akasema, 'Basi ni sisi hamtutaki.' Sasa wamenitumia salamu: Jumapili wakifika na kukuta kimya tena, wanageuza loli hapo hapo njiani, wanarudi na bwana harusi wao. Mtoto wangu amevaa gauni la kuazima, analia tangu jana. Sitaki gredi. Nataka aolewe.")

(Akina mama wote wanageuka kumwangalia mwenyekiti.)

Mama Mokeira, serikali ya komiti imesikia. Mimi si jiwe. Nimezaa. Nimekaa chini na komiti yangu, yaani nimekaa chini, na tumepitisha hatua za dharura. Hatua ya kwanza, siku ya harusi watu watapunga leso kwa nguvu. Ya pili, mtapiga makofi kwa mpango, upande wa kulia kwanza. Ya tatu, na hii nimeitoa kwa moyo wa baba, Mama Mokeira utaruhusiwa kuleta maombi ya kigelegele kimoja, kifupi, cha mama mzazi tu, na maombi hayo yatapitiwa katika kikao cha kawaida mwezi ujao.

(Nyanchama: "Harusi ni Jumapili!")

Ndiyo sababu nikasema mlete mapema.

(Mvua ya mawe inaanza ghafla juu ya mabati. Hakuna anayesikia kitu. Mwenyekiti anaendelea kusema, mkono juu, mdomo unakwenda. Mvua inapungua.)

...na kwa hiyo, kama mlivyosikia, ni wazi kabisa. Lakini mmeona? Mmeona hilo lililopita sasa hivi? Sauti kutoka juu! Huko Ulaya wana mbele, nyuma, kulia, kushoto, mimi nimeshawaletea ya juu, na sikuweka hata pembe! Nani mwingine angewapangia hivyo?

(Johana: "Mungu.")

Tulishirikiana.

(Nyanchama hajakaa: "Mwenyekiti, hilo sanduku la vigelegele liko wapi? Kama bado liko stesheni, nitakwenda kwa miguu yangu mpaka Fort Ternan, nitachomoa msumari mmoja tu. Vikitoka vinavyotosha harusi, nitalipiga tena.")

Ah, mama! Unachelewa. Sanduku lilikwishapita Fort Ternan, likapanda treni, likafika baharini, likapanda meli, sasa liko katikati ya maji, na wewe huwezi kwenda huko kwa miguu.

(Irungu: "Mzee, na lile lenye rangi nyeupe, NYUMA, ULAYA, ambalo nililiona juzi nyuma ya jiko lako?")

Hiyo ni kopi.

(Irungu: "Lilikuwa na kuku ndani.")

Mlinzi wa kopi! Bwana Irungu, naomba usiharibu mkutano kwa mambo ya kuku. Mama Mokeira, kaa. Kila mtu akae. Mtu mkubwa hamalizi hotuba bila kauli za mradi na shukrani, na mimi, mnanijua, katika shukrani sisahau mtu, hata mdogo. Nitatoa kauli, mnaitikia. Kambi ya Juu!

("Juu!")

Sauti yetu!

("Inazunguka!")

Ulaya wasikie!

("Wasikie!")

Nyamwange!

(Kikohozi.)

Vizuri. Sasa shukrani. Kwanza kabisa namshukuru yule bwana wa gari la sinema, mtu muungwana sana, ambaye usiku ule alinijia mwenyewe kuniuliza njia ya kwenda Londiani, nami nikamwonyesha, na akaniambia "asante, mzee", na mazungumzo yetu marefu yakaishia hapo. Mengine nilimsikia akimweleza dereva wake.

Namshukuru mkubwa wa stesheni ya Fort Ternan kwa msimamo wake thabiti, maana nilipomfikishia masanduku manne ya sauti aliyatikisa, akanitazama, akasema reli haipakii masanduku matupu, na akaniazima mkokoteni wa kuyarudishia nyumbani. Watu kama hao ni wachache.

Namshukuru kuku wangu mwekundu, aliyekubali kuhamia sanduku la NYUMA na kuatamia humo bila malalamiko, na vifaranga wake walio katika lile la MBELE. Sanduku la KULIA nawashukuru wajukuu, wanalitumia kama meza. La KUSHOTO, lile hasa la vigelegele, namshukuru fundi aliyenikatia mlango wa choo kutoka kwenye ubao wake, na ni mlango mzuri, haupitishi upepo.

Nawashukuru watengenezaji wa sinema ya chai, popote walipo, ambao hawakufika, hawakuandika, na hawajui kama tupo, na kwa hivyo hawakutusumbua hata kidogo katika kazi. Na mwisho, kwa moyo wangu wote, namshukuru mke wangu Bilhah, ambaye kwa faida ya mradi huu, mradi ambao ukiuangalia vizuri hata haukuhitaji kuwepo, amenyamaza kutoka mvua ndefu mpaka leo...

(Mtu mmoja nyuma anasema polepole, "Mlango wa choo?")

(Bilhah anasimama. Anajifunga kanga vizuri kiunoni. Anasafisha koo.)

(Bilhah: "Baba Joram.")

Mama Joram, komiti bado haijafungua sauti ya...

(Bilhah: "Baba Joram! Miezi yote hii! Mimi nikipika kimya, nikilala kimya, ng'ombe akikanyaga mahindi yangu namfukuza kwa mikono kama bubu, nikijua hayo masanduku ya nyumbani ni kopi, na maneno yangu yako Ulaya yanafanya kazi ya maana! Kumbe yako chooni! Kaa hapo hapo. Usishuke. Nimeanza na lile la mahindi, tutafika mpaka lile la koti la harusi ya ndugu yangu! Na wewe Nyanchama, mama, unangoja nini? Mdomo wako huo hapo chini ya pua yako! Piga!")

(Nyanchama anaangalia mizani. Anaangalia watu. Anainua kichwa, anapiga kigelegele kimoja, chembamba, kinatetemeka kama kitu kilichosahau njia. Kinakatika. Anapiga tena. Upande wa kulia, karibu na magunia, akina mama wanampokea. Upande wa kushoto wanaitikia. Nyuma ya banda, ambako Mokeira alikuwa amejificha na gauni lake la kuazima, kinatoka chake, cha kilio na kicheko pamoja. Kwaya inashika wimbo kutoka aya ya mwisho. Johana anatia vidole mdomoni, anapiga mluzi, na kule chini bondeni ng'ombe wake wote wanajibu, safari hii kutoka upande walipo. Na kwa mbele, juu ya yote, Bilhah ameshafika kwenye lile la koti.)

Ngojeni! Ngojeni! Sikilizeni! Kulia iko! Kushoto iko! Nyuma, mnaisikia nyuma? Na mbele, ee Mungu wangu, mbele iko! Nani alisema mradi haupo? Irungu, wewe ni shahidi! Imezunguka! Mimi ndiye niliyeinyausha hiyo, imenyaukia midomoni mwenu tangu mvua ndefu, ndiyo maana ina nguvu! Mama Mokeira, Londiani watakusikia kabla loli haijawashwa! Msinyamaze! Akina mama, msinyamaze, kaeni hapo hapo mlipo, kila mtu upande wake! Leteni sanduku! Leteni nyundo na misumari! Lile la NYUMA, bado ni zima! Upesi, kabla hawajachoka!

Na mtoeni kuku kwanza!